Mbu Aliyesoma Hadi Udaktari

Mimi ni fundi cherehani, na kabla sijasema lolote kuhusu dada yangu naomba ieleweke kwamba mimi si mwongo. Nimeitwa mwongo kwa miaka arobaini na moja, tena na mama yangu mzazi, tena mbele ya wageni. Kwa hiyo haya ninayosimulia msifikiri nayatia chumvi. Chumvi nimeiacha jikoni.

Dada yangu ni mtaalamu wa masikio. Simaanishi yule daktari anayekutoa punje ya mahindi uliyojitia mwenyewe ukiwa mtoto. Huyu ni mtafiti. Kazi yake ni kujua sauti inaingiaje sikioni, inapita wapi, inafikaje kwenye ubongo, na ubongo unaifanya nini ikishafika. Ana shahada tatu na koti jeupe nililomshonea mimi, mifuko minne, na mpaka leo hajaniambia asante kwa ule mfuko wa nne.

Utafiti wake aliuanzia kwangu. Mimi nilikuwa na miaka mitano, yeye tisa. Alinitia sikioni mrija wa kalamu, faneli ya jikoni, na mara moja uzi uliofungwa kwenye kopo la maziwa. "Unasikia?" ananiuliza. "Nasikia." "Na sasa?" "Sasa naumia." Akaandika kwenye daftari: anaumia. Wanasayansi wengine ukiwauliza walianzia wapi watakutajia vyuo vikubwa vikubwa. Huyu wetu alianzia kichwani mwangu, na daftari lile bado analo.

Tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani yeye ukingoni. Mama alikuwa na sheria: ukitoka shule, ukila, unalala saa nzima, hata kama huna usingizi. Dada alilalia ubavu wa kushoto na kuzima papo hapo, sikio lake la kulia likitazama dari, karibu kabisa na pua yangu. Basi mimi nikifumba macho tu, naanza kusikia: niiiiii. Sauti nyembamba, haipandi, haishuki, haichoki.

"Mama! Kuna mbu!"

Mama akaingia na kandambili mkononi. Dada akashtuka, akakaa kitako kumtazama, na mbu akanyamaza. Mama akakagua kuta, akakagua uvungu, akatoka. Dada akalala tena. Niiiiii. "Mama! Amerudi!" Kandambili ikarudi, dada akakaa kitako, kimya. Mambo yakaenda hivyo wiki mbili. Mama akapuliza dawa mpaka paka akahama nyumba. Akafunga chandarua, akaziba matundu ya dirisha kwa magazeti, akawatangazia majirani kwamba nyumbani kwake mbu hakanyagi. Nami kesho yake nikaita tena.

Siku hiyo mama hakuja na kandambili. Alikuja na vidole viwili, akanishika sikio la kushoto, akalivuta mpaka nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu. "Mwongo mkubwa wewe! Hutaki kulala, unasingizia wadudu!" Nikahamishiwa kwenye benchi la sebuleni. Dada akaulizwa kama amesikia chochote, naye, huyo mtaalamu, akasema, "Mimi sijasikia kitu, mama."

Kuanzia hapo nikaitwa Bi Mbu. Niliolewa nikiitwa Bi Mbu. Nimefungua duka la ushonaji, nimeandikisha kibao kizuri chenye maua pembeni, na wateja wanaelekezana, "Nenda kwa Bi Mbu, kona ya pili." Nimebadilisha kibao mara mbili. Hakuna anayekisoma.

Dada akasoma, akasoma, akasoma tena. Siku moja akanipigia simu kutoka chuoni, anahema kama amefukuzwa. "Mdogo wangu! Kumbe masikio hayapokei sauti tu. Mengine yanatoa!"

"Yanatoa sauti ya nini?"

"Haina cha nini. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno, vinachezacheza ili sauti hafifu ipate nguvu. Wakati mwingine vinacheza hata kama hakuna sauti iliyoingia, basi mlio unatoka nje."

"Kama mtu anayecheza na muziki umezimwa?"

"Hivyo hivyo! Na mwenyewe hasikii, kwa sababu ubongo umeshauzoea."

Nilikuwa nakata kola ya shati. Nilimwambia hongera nikaendelea kukata. Nasema hili wazi, nisije nikaonekana mjanja kuliko nilivyo: mbu hakunijia kichwani hata kidogo.

Aliporudi akapewa chumba mwishoni mwa korido la chuo, akakigeuza kuwa Chumba cha Kimya. Milango miwili, dirisha hakuna, kuta zote zimevishwa sponji nene. Humo ndani unajisikia ukimeza mate. Na dada naye akawa mkali wa kelele, haambiliki. Ukifika unavua viatu, bangili, saa. Unaulizwa umekula nini. Waliokula maharage walirudishwa nyumbani, kwamba matumbo yao yanazungumza. Fundi mitambo wa idara, mtu mpole kabisa ambaye pua yake hulia kidogo anapovuta pumzi, alifukuzwa wiki ya kwanza. "Pua yako inaniharibia vipimo," dada alimwambia. Tangu siku hiyo yule fundi akawa anatengeneza mashine kutoka koridoni, anaelekezwa kupitia mlangoni kama mtu aliyetengwa kwa ugonjwa.

Kwa hiyo dada alifanya kazi peke yake, na alikuwa na namna yake. Kuna kinasa sauti chembamba kama kijiti cha kiberiti, kinaingizwa kwenye tundu la sikio ili kiusikilize mlio wake. Watafiti wengine hukifunga kwenye stendi. Dada haamini stendi. Yeye hukishika mwenyewe kwa vidole viwili, anakaa kushoto kwa mpimwaji, kisha anaegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mtu yule, sikio kwa sikio, ili vichwa vyote viwili vitulie. Mpimwaji mwenyewe hasikii mlio wowote, maana sikio moja limebanwa na kijiti na la pili limezibwa kwa pamba. Ukiwaona utadhani wanasengenya. "Kichwa kwa kichwa," alijivuna kwa wanafunzi wake, "ndiyo siri ya kazi yangu." Na ukutani alibandika karatasi: MTAFITI HAJIPIMI. Kwamba akijipima mwenyewe atajipendelea.

Miaka tisa akapima watu mia moja na arobaini na sita, wa kwanza akiwa mimi. Wengine masikio yao yalikuwa na milio yao midogo midogo, wengine hayana. Lakini kulikuwa na mlio mmoja, mwembamba, haupandi haushuki, ambao kila mtu alikuwa nao. Kila mtu! Mzee, kijana, mnene, mwembamba. Dada akauita Mlio wa Pamoja. Alikuja dukani kwangu akikimbia, akanikumbatia na pini zangu zote kifuani. "Binadamu wote tuna sauti moja ndani yetu," alisema, machozi yanamtoka. Nami nikalia naye, nikamshonea gauni la kitenge kwa ajili ya kwenda kutangaza jambo hilo.

Ambaye hakulia ni mkuu wa idara yao, profesa mmoja mrefu wanayemwita Mzee Ushahidi. Huyu ukimwambia mvua inanyesha, na wewe umelowa chapachapa, atakuuliza ushahidi uko wapi. Akamwambia dada: Alhamisi kuna mkutano wa wataalamu, wageni watakuwepo, simama uwaonyeshe huo mlio kwa spika, kila mtu ausikie. Wakiridhika, Chumba cha Kimya ni chako mpaka ustaafu. Wasiporidhika, chumba kinachukuliwa na chuo, kinawekwa mashine za fotokopi.

"Fotokopi!" dada aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kitandani. "Zile zinazopiga kelele!" Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Mnajua, dada hakuolewa, hakujaliwa mtoto. Kile chumba ndicho alichokuwa nacho. Niliogopa kwa ajili yake, ila nilijikaza kisabuni nikamwambia asihofu.

Jumatatu ya wiki hiyo akashikwa na mafua. Akawa anakohoa kama gari la zamani, na mtu anayekohoa haingii Chumba cha Kimya hata kama ndiye mwenye chumba. Nami nilitakiwa kupimwa kwa mara ya mwisho, kwa kuwa mimi ndiye namba moja. Basi tukakubaliana: yeye akae nje kwenye kompyuta amejifunga skafu, mimi niingie peke yangu, nikishike kinasa sauti mwenyewe. Mkono wangu hautetemeki, mimi uzi unaingia sindanoni mara moja.

"Umetia?" akaniuliza kwa kipaza sauti.

"Nimetia."

Kimya. "Tia vizuri."

"Nimetia vizuri!"

Kimya tena, kirefu. Halafu: "Hakuna kitu. Mlio haupo. Umelifanya nini sikio lako?"

"Sikio langu limekaa hapa hapa lilipo tangu nizaliwe!"

"Lilikuwa zima miaka tisa! Umelitia maji? Umelisafisha kwa sindano zako?"

Ebo! Nilitoka mle ndani nimefura. Tukagombana koridoni mpaka fundi mitambo akaja kuangalia. Akakagua nyaya, akasema mashine ni nzima kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa namba nne, alipimwa kabla hajafukuzwa, basi akaingizwa ndani amebana pua, nikamshikia kinasa sauti sikioni. Hakuna. Dada akamwambia naye ameharibika.

Nikabaki nimekaa mle ndani peke yangu, nimeshika tama. Kuta zile zile, kijiti kile kile, sikio lile lile. Ni nini kilichopungua leo? Nikatazama kigoda cha kushoto. Kilikuwa kitupu. Kichwa cha dada ndicho kilichopungua.

Nikatoka. "Dada, lala."

"Nini?"

"Lala hapo kwenye benchi. Ubavu wa kushoto."

"Nina mafua, sina usingizi!"

"Lala, nimesema!"

Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alilala. Nikapiga magoti, nikaweka uso wangu karibu na sikio lake la kulia, pale pale pua yangu ilipokuwa miaka arobaini na moja iliyopita.

Niiiiii.

Nikasikiliza tena, ni yenyewe. Halafu hasira ikapanda, nikaanza kulipiga lile benchi kwa kiganja. "Ni wewe! Ni wewe! Miaka yote hii ni wewe! Mbu ni wewe!" Fundi mitambo akaja, akaziba pua kwa vidole viwili ili asiharibu vipimo, akainama, akasikiliza. Akavua kofia.

Tukamtia dada kinasa sauti. Mstari kwenye kompyuta ukaruka juu, mahali pale pale, kwa urefu ambao hakuna hata mmoja kati ya wale mia moja na arobaini na sita aliyewahi kuufikia. Dada akautazama muda mrefu.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Wote walikuwa mimi?"

"Wote walikuwa wewe, dada."

Akakaa sakafuni na koti lake jeupe, akalia. Nilikuwa na maneno ya miaka arobaini na moja yamejipanga mdomoni, mengine nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikayameza yote. Dada yangu akilia, mimi siwezi.

Siku mbili zikapita. Akataka tuseme anaumwa. Akataka tuseme mashine imeungua. Jumatano asubuhi nikamwambia kavu kavu: "Mimi nimeitwa mwongo kwa sababu ya sikio lako. Ukisimama kesho ukawaambia ule mlio ni wa watu wote, utakuwa mwongo wa kweli, na mimi sitakubali tuwe wawili. Ukijificha, fotokopi zinaingia. Chagua."

Akapenga kamasi. "Nikisema ukweli watanicheka."

"Watakucheka. Mimi nimechekwa tangu nina miaka mitano, na bado nakula."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele, gauni jipya, mkoba magotini, na kandambili miguuni, kwa sababu viatu vinambana na habembelezeki. Mama hatukumwambia lolote. Mama siri haimfikishi getini. Mimi nilikaa kando yake, na nyuma yangu alikaa fundi mitambo. Mbele kidogo ya mama, kwenye kiti kilichowekwa peke yake karibu na jukwaa, alikaa Mzee Ushahidi na daftari lake.

Dada akapanda jukwaani. Nikabana pindo la gauni langu.

"Mlio wa Pamoja haupo," alisema.

Akaeleza yote: kichwa kwa kichwa, miaka tisa, stendi aliyoikataa, kigoda cha kushoto. "Nilisikiliza watu mia moja na arobaini na sita," alisema, "na kila mmoja nilikuwa namsikia mimi." Kicheko kikaanzia nyuma. Kikaja mbele. Mgeni mmoja alipiga meza, mwingine alifuta machozi kwa tai. Dada alisimama akakipokea kicheko chote, uso umemwiva, na sijawahi kumpenda vile.

Mzee Ushahidi hakucheka. Akainua kalamu. "Sikio la mtu kutoa mlio, tunajua. Lakini huo wako ni wa tangu lini? Pengine ni mafua haya."

"Ni wa tangu utotoni. Mdogo wangu alikuwa akiusikia."

"Mdogo wako si ushahidi," akasema. "Mdogo wako mmekuja naye. Mmeshazungumza."

Jamani! Mbele ya wataalamu, wengine wamekuja kwa ndege, nimeitwa mwongo tena. Nilianza kuinuka nimtolee uvivu, fundi mitambo akanishika kiwiko. Na dada akachoka kubishana. Akakaa, akajitia kinasa sauti kwenye sikio la kulia, akawasha spika.

Niiiiiiiiii.

Kicheko kikakatika. Ukumbi mzima, mpaka kule nyuma, ukajaa ile sauti nyembamba isiyochoka. Wageni wakatazamana. Na mstari wa mbele, mama yangu akainua kichwa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akamkabidhi mkoba wake mgeni aliyekaa jirani, mtaalamu mwenye nywele nyeupe, akainama, akavua kandambili, akasimama.

"Ni yeye!" akasema. "Mbu yule! Wa chumba cha watoto!"

Akashusha kandambili kwa nguvu zake zote kwenye mgongo wa kiti, ila kiti kilikuwa na mtu. Mzee Ushahidi akaruka, daftari likaenda huku, kalamu kule.

"Mama," akasema ameshika bega, "umemjuaje?"

"Nisimjue vipi? Nilimsaka miezi minane!"

Hapo mimi nikageuka. Miezi minane? Mimi alinisaidia kumsaka wiki mbili, ya tatu akanivuta sikio. Mama akaniona ninavyomtazama. Kandambili ikashuka taratibu.

"Wewe ulikuwa umeshahamia sebuleni," akasema. "Siku moja huyu amelala, nikainama nimfunike shuka, nikamsikia. Niiii. Nikajua hukudanganya. Lakini nilikuwa nimeshakuvuta, nimeshawatangazia majirani... nikaona haya. Nikawa namsaka peke yangu, kimya kimya, nikimuua nikuite uuone mzoga. Sikumpata."

Dada jukwaani akazima spika. Mzee Ushahidi aliinama akaokota daftari, akaokota na kalamu, akaandika kwa muda mrefu. "Shahidi: mama mzazi," alisoma. "Chombo: kandambili." Kisha akamwambia dada kwamba sikio kama hilo, lililolia miaka arobaini bila kupumzika, hajapata kulisikia popote, na kwamba haliwezi kukaa jengo moja na mashine za fotokopi. Chumba kibaki. Ila ile karatasi ya MTAFITI HAJIPIMI ing'olewe leo leo, na stendi inunuliwe. Wageni wakaanza kupanga foleni mbele ya jukwaa, kila mmoja anataka kulaza kichwa karibu na cha dada asikilize mwenyewe. Fundi mitambo alikuwa wa kwanza, amebana pua.

Mama alikuwa bado amesimama mbele yangu. Akanyoosha vidole vyake viwili, nami, mtu mzima wa miaka arobaini na sita mwenye wajukuu wawili, nikafumba macho nikingoja kuvutwa. Hakuvuta. Alilishika sikio langu la kushoto kama mtu anavyoshika kitambaa cha hariri dukani, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Hili nililivuta bure," akasema. "Na nilijua. Nisamehe, mwanangu."

Yale maneno niliyoyapanga miaka yote sikuyaona hata moja.

"Yameisha, mama," nikamwambia. "Vaa kandambili, watu wanatuangalia."